Cormorant, EB Garamond, Playfair au Lora: mlazo upi uandike jina la bibi harusi?

Mama mmoja wa Nanyumbu aliingia ofisini kwangu hapa Chikongola, Mtwara mjini, simu mkono mmoja, karatasi iliyokunjwa mara nne mkono wa pili. Baada ya salamu akanionyesha picha ya kadi aliyotumiwa na mdogo wake kutoka Dar es Salaam.

"Mwanangu, nataka maandishi kama haya. Haya yaliyolala, membamba, yenye heshima."

Kwenye ile karatasi kulikuwa na jina la binti, jina la mkwe, wazazi wa pande zote mbili, na jina la mjomba wa bibi harusi, ambalo kwa familia nyingi za huku Kusini halikosekani kwenye kadi.

Sikumjibu kwa mdomo. Niliandika neno moja, Nanyumbu, kwa fonti nne za mlazo, zote saizi 11, nikachapa kwenye karatasi ya kawaida ya A4, nikamwomba aende nayo mlangoni penye mwanga aisome. Mbili alizisoma papo hapo. Ya tatu aliisogeza karibu na uso. Ya nne, ambayo ndiyo iliyokuwa kwenye kadi ya Dar es Salaam, aliikazia macho kidogo, kisha akauliza, "Hapa umeandika Nauyumbu?"

Fonti hizo nne ndizo ninazozilinganisha hapa: Cormorant, EB Garamond, Playfair Display na Lora. Zote zinapatikana bure kwenye Google Fonts, na zote nimezitumia kwa kadi za harusi, vipeperushi, lebo za korosho na ripoti za wanafunzi. Nitaigusa pia Monotype Corsiva, kwa sababu imo karibu kila kompyuta ya steshenari na wateja wengi wakisema "yale maandishi ya kulala" huwa wanaiwaza hiyo.

Mlazo wa kweli na mlazo wa kusukumwa

Mlazo, au italiki, si herufi ya wima iliyosukumwa ubavuni ikainama. Ni mwandiko mwingine. Tazama herufi a: katika maandishi ya wima ya kitabu ina kichwa kilichojikunja juu ya tumbo lake, katika mlazo kichwa hicho hakipo, linabaki duara lenye mguu, kama mwalimu wa darasa la kwanza anavyoiandika ubaoni. Herufi f nayo katika mlazo huteremsha mkia chini ya mstari. Maneno yote hubanana zaidi, kwa sababu asili yake ni mkono wa mtu aliyekuwa akiandika upesi.

Mkono huo ulikuwa wa wasomi wa Italia. Francesco Griffo alichonga herufi za mlazo kwa ajili ya mchapaji Aldus Manutius wa Venice, na mwaka 1501 kikatoka kitabu cha mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kilichochapwa chote kwa mlazo, kidogo cha kushika mkononi. Herufi kubwa katika kitabu kile zilibaki wima. Zilizolala ni ndogo tu. Aldus alipewa na serikali ya Venice haki ya kuzitumia herufi hizo peke yake, lakini wachapaji wa Lyon, Ufaransa, wakaziiga upesi. Wakati huo mlazo haukuwa msaidizi wa herufi za wima. Ulikuwa na vitabu vyake wenyewe. Kuuoa na maandishi ya wima, neno moja limelala katikati ya mengine yaliyosimama, ni desturi iliyokuja baadaye katika karne hiyo hiyo ya 16.

Ukiwahi kumwona mwalimu wa madrasa akiandika khati ya Kiarabu kwa kalamu ya tete iliyokatwa bapa, basi unajua unene na wembamba wa mlazo ulikotoka. Kalamu ya namna hiyo ikishuka upande wake mpana huacha mstari mnene, ikipita kwa ncha huacha uzi. Watu wa pwani tumelizoea jambo hilo kwa macho karne nyingi kabla ya kompyuta, na nadhani ndiyo maana wateja wangu huuona mlazo mzuri na kuutaka hata pasipo kujua unaitwaje.

Sasa kuna mlazo wa kusukumwa. Ukichagua fonti isiyo na mlazo wake, kisha ukabonyeza kitufe cha kulaza kwenye Word, programu itaziinamisha tu zile herufi za wima. Utaijua kwa a: kama bado ina kichwa kilichojikunja, umepewa mlazo wa bandia, na macho ya msomaji yataona kasoro hata kama hataweza kuitaja. Kwa upande mwingine, kuna tawi la Cormorant liitwalo Cormorant Upright ambalo herufi zake zina maumbo ya mlazo lakini zimesimama wima kabisa. Ukiiona hiyo mara moja, hutasahau kwamba umbo ndilo linalofanya mlazo uwe mlazo, na kuinama kunafuata.

Kwa nini Kiswahili kinaijaribu fonti

Picha za mfano ambazo fonti hutangazwa nazo zimeandikwa kwa lugha za Ulaya. Sisi tuna maneno yetu. Herufi inayojirudia kuliko zote kwa Kiswahili ni a, kwa hiyo a ya fonti yako ndiyo itakayoipa kadi sura. Ikiwa na tumbo finyu, kadi nzima itaonekana imebanwa.

Halafu tuna misururu ya m, n, u, w na i iliyosimama bega kwa bega: muumini, Mwinyi, Jumanne, umwinyi, Nanyamba, na Nanyumbu yenyewe. Katika mlazo, n na u zina miguu ile ile miwili. Tofauti yake ni mahali zinapoungana: n huungana juu, u huungana chini. Na kiungo hicho karibu kila mara ni ule uzi mwembamba. Uzi ukikatika, kwa wino hafifu au karatasi mbaya, unabaki na vijiti vilivyosimama mfululizo kama fito za ukuta kabla ya kukandikwa udongo. Hapo Nanyumbu inakuwa Nauyumbu, na mgeni wa kutoka mbali hana la kumsaidia kukisia.

Kuna na ile ng' yenye kipembe. Fonti zote nne zina alama nzuri iliyopinda kama koma iliyopandishwa juu, lakini ukinakili maneno kutoka kwenye meseji ya simu, mara nyingi inakuja alama iliyonyooka kama msumari. Ibadilishe. Kwenye kung'ara au ng'ambo kwa saizi kubwa, ule msumari unaonekana wazi.

Mwisho ni f. Kadi zetu zinaanza na "kwa furaha kubwa" na zinaishia na "ndugu, jamaa na marafiki". Kwa hiyo f iliyolala itaonekana kila mahali, na jozi ya f na i ya "marafiki" ndiyo ninayoitazama mapema ninapoijaribu fonti mpya: je, kichwa cha f kinagongana na nukta ya i?

Cormorant na EB Garamond: ndugu wasiofanya kazi moja

Hizi mbili nitakaa nazo zaidi, kwa sababu ndizo zinazochanganywa sana, na kuchanganya huko kunaharibu kadi nyingi.

Zote mbili zinamtazama Claude Garamond, mchonga herufi wa Paris aliyefariki mwaka 1561. EB Garamond, iliyoanzishwa na Georg Duffner na kutolewa mwaka 2011, inafuata kwa uaminifu karatasi ya sampuli ya mwaka 1592 iliyotolewa Frankfurt na kiwanda cha Egenolff na Berner. Ndizo zile herufi E na B kwenye jina lake. Kwenye karatasi ile herufi za wima zilikuwa za Garamond, lakini za mlazo zilikuwa za Mfaransa mwingine, Robert Granjon. Kwa hiyo ukiandika jina la bibi harusi kwa EB Garamond iliyolala, mkono unaoutumia ni wa Granjon. Ni mkono wa mtu aliyechonga herufi ili zisomwe kwenye vitabu, kwa saizi ndogo, kwenye karatasi ya kutengenezwa kwa mikono. Viungo vyake vina nyama. Herufi n inachipuka kutoka kwenye mguu wake kwa mkato ulio wazi, u inashuka na kugeuka waziwazi, na mwinamo wa herufi haulingani sawasawa kama wa mashine. Kuna uhai kidogo wa mkono ndani yake.

Cormorant ya Christian Thalmann, iliyotoka mwaka 2015, haikunakiliwa kutoka sampuli yoyote moja. Aliichora upya kwa roho ya Garamond, lakini kwa ajili ya saizi kubwa. Hapo ndipo mambo yote yanapogeuka. Nyuzi zake ni nyembamba mno, ncha za serifu zake, vile vijiguu vya miishoni mwa herufi, ni kali, matumbo ya a na e madogo. Kwa saizi 36 na kuendelea sijaona fonti ya bure inayoishinda kwa uzuri. Andika "Mwanahamisi" au "Somoe" kwa Cormorant iliyolala, saizi 40, katikati ya kadi nyeupe yenye nafasi ya kutosha pande zote, na hutahitaji ua, pambo wala fremu. M yake inasimama kwa utulivu, mstari wa s unateleza kama kitambaa cha hariri. Ninaipenda kwa dhati.

Lakini iteremshe hadi saizi 10 na uichape kwa printa ya leza ya ofisini kwenye karatasi ya gramu 80, utaona uzi unapotea hapa na pale. Itoe kopi, utapoteza zaidi. Hiyo ndiyo ile ya nne ambayo mama wa Nanyumbu aliisoma vibaya.

Niliwahi kulipia somo hili. Nilibuni kadi 150 kwa ajili ya familia moja ya Lindi: karatasi ya rangi ya damu ya mzee, maandishi meupe, Cormorant Light, ile nyembamba kuliko zote, iliyolala kuanzia juu hadi chini, majina makubwa na maelezo saizi 9. Kwenye skrini ya kompyuta ilikuwa nzuri kupita kadi zote nilizokuwa nimewahi kuzitengeneza. Kadi zilipotoka mtamboni, majina yalikuwa salama. Maelezo ya ukumbi, saa na namba za kutuma mchango yalikuwa yamemezwa. Maandishi meupe kwenye rangi nzito si wino. Ni mahali ambapo wino haukupakwa, na wino wa pembeni hutanuka kidogo ukaingia ndani. Herufi nene inavumilia. Uzi unafunikwa. Kosa lilikuwa langu, si la mtambo, na kadi zile nilizirudia kwa gharama yangu kwa EB Garamond yenye uzito wa kati.

Tangu hapo kanuni yangu kwa hizi mbili ni hii: Cormorant haishuki chini ya saizi 24, na hata hapo juu naacha ule uzito wa Light, nachukua Medium au SemiBold. Ina uzito wa aina tano, kuanzia Light hadi Bold, na kila mmoja una mlazo wake, kwa hiyo hakuna sababu ya kung'ang'ania mwembamba kuliko yote. EB Garamond inabeba yote yaliyobaki: maelezo, aya ya kitabu kitakatifu, majina ya wazazi. Familia nyingi za Kiislamu hapa huweka tafsiri ya aya ya 21 ya Surat Rum, inayotaja wanandoa, mapenzi na huruma. Ni sentensi ndefu. Kwa EB Garamond iliyolala, saizi 12, inasomeka yote kwa pumzi moja, na bado ina sura ya kitu kilichonukuliwa kwa adabu.

Na kwa kuwa zinatoka kwenye asili moja, hazigombani zikikaa kadi moja. Majina kwa Cormorant, mengine kwa Garamond: jicho halioni mshono.

Wanafunzi wa vyuo vya hapa Mtwara wanaokuja kuchapa ripoti za kilimo nao nawaelekeza EB Garamond pale wanaporuhusiwa kuacha Times New Roman. Jina la kisayansi la korosho, *Anacardium occidentale*, ni lazima lilazwe, neno la kwanza likianza na herufi kubwa na la pili kwa ndogo. Vivyo hivyo *Sesamum indicum*, ufuta wetu wa Lindi. Mtu aliyesoma machapisho ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele ameyaona majina haya yamelazwa mara nyingi. Mlazo wa Granjon unatofautika vya kutosha na wima wake kiasi kwamba jina linaonekana bila kulikoleza wino.

Playfair Display: ya ukutani na kwenye pakiti

Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen, ya mwaka 2011, inatoka zama nyingine. Inamtazama John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, wa karne ya 18, na wakati ule kalamu yenye ncha kali ilikuwa inachukua nafasi ya kalamu bapa. Unene wake ni mnene kwelikweli, uzi wake ni uzi kwelikweli, na miisho ya herufi ina vidonge vya mviringo kama matone.

Kuna jambo moja kuhusu Baskerville ambalo kila mwenye kuchapa anapaswa kulijua. Alipotaka herufi zenye nyuzi nyembamba, hakuishia kwenye herufi. Alishughulikia wino uwe mweusi zaidi, akatumia karatasi laini na kuikandamiza kwa joto ili iwe nyororo. Kitabu chake cha Virgil cha mwaka 1757 kilitoka hivyo. Yaani nyuzi zile zilizaliwa pamoja na karatasi yake. Ukizichukua nyuzi ukaiacha karatasi, umechukua nusu ya kazi.

Hata hivyo Playfair ina faida ambayo Cormorant haina: herufi zake ndogo ni ndefu, matumbo yapo wazi, na uzito wake unafika hadi ule mzito kabisa uitwao Black. Kwa hiyo inavumilia umbali. Bango la mlangoni mwa ukumbi, jina la duka la nguo, neno "Korosho" kwenye pakiti ya nusu kilo inayouzwa stendi: hapo Playfair nzito iliyolala inaita jicho kutoka ng'ambo ya barabara, na inapendeza sana katika neno lile. Kwa lebo za korosho sina nyingine ninayoitanguliza.

Kwa aya ndefu, hapana. Nene na nyembamba zinapishana upesi mno, na baada ya mistari minne macho yanachoka. Na kuna suala la tarakimu. Playfair kwa kawaida huja na tarakimu za mtindo wa zamani, nyingine zinashuka chini ya mstari na nyingine ni fupi kama herufi ndogo. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini kwenye kadi yake "50,000" sufuri zimekuwa herufi o. Alikuwa na haki. Kwenye Word unaweza kwenda kwenye mipangilio ya ziada ya fonti na kuchagua tarakimu zinazolingana kimo. Usiposahau hatua hiyo, Playfair haina shida.

Lora: ya kwenye simu

Lora haivutii haraka. Mteja akiziona zote nne kwa saizi kubwa, karibu kila mara ataiweka ya mwisho. Ilichorwa na Olga Karpushina wa studio ya Cyreal, ikatoka mwaka 2011, na mistari yake ina asili ya brashi: inanenepa na kukonda kwa kiasi, haina nyuzi za kukatika.

Lakini hebu fikiria kadi yako itasomwa wapi. Kwa kila kadi 100 za karatasi ninazochapa, picha ya kadi ile ile inasambaa kwenye makundi ya WhatsApp kwa watu wengi zaidi ya hao, na WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi. Ikibanwa, nyuzi za Cormorant zinageuka vumbi la kijivu. Za Playfair zinabaki vipande. Lora inafika ikiwa nzima. Herufi zake ndogo ni ndefu kiasi kwamba Lora ya saizi 10 inaonekana sawa, au kubwa kidogo, kuliko EB Garamond ya saizi 12. Mtu aliyeko Tandahimba, jua la saa saba mchana, simu ina mwanya kwenye kioo, ataisoma saa na ukumbi bila kuikuza picha.

Kwa hiyo kwa kadi ya simu na ya karatasi natengeneza mafaili mawili, sitoi moja kwa kazi zote mbili. Na kama mteja anataka ile yenye Cormorant iende hivyo hivyo, namwambia aitume kama faili la hati, si kama picha, maana hapo haibanwi.

Corsiva, na wale wanaoipenda

Monotype Corsiva ilitolewa mwaka 1991, mchoraji wake Patricia Saunders, naye alifuata mwandiko wa Ludovico degli Arrighi, katibu na mwalimu wa hati huko Roma aliyetoa kitabu cha kufundishia mwandiko huo miaka ya 1520. Ina asili ya heshima. Herufi zake kubwa zinatupa mikono pembeni kwa madaha, na kwenye vyeti vya mahafali ya chekechea inafaa: jina moja, mstari mmoja, basi.

Shida yake ni kwamba iko peke yake. Haina ndugu wa wima wa kubeba maelezo, haina nzito wala nyepesi. Ukiiweka kwenye kadi nzima inakosa pa kupumzikia, na ukiichanganya na Times New Roman, kama inavyofanyika mara nyingi, zinaonekana wageni wawili waliokutanishwa stendi. Kama mteja ameshaipenda, naiacha kwenye majina, nayachapa maelezo kwa EB Garamond ya wima.

Mambo ambayo fonti yoyote kati ya hizi itakudai

Usiandike neno zima kwa herufi kubwa zilizolala. "HARUSI YA" iliyolala kwa herufi kubwa tupu haina ule mtiririko ambao ndio uhai wa mlazo. Herufi kubwa hazikuzaliwa kwenye mwandiko huo wa upesi, na Griffo mwenyewe alizisimamisha wima. Ukitaka herufi kubwa, zisimamishe, kisha jina chini yake lilale.

Namba za simu, saa na kiasi cha mchango ziwe wima. Mtu ananakili tarakimu moja moja kutoka kwenye kadi kwenda kwenye simu ili atume pesa, na 1 na 7 zilizolala, kwa wino hafifu, zinaweza kumpotezea pesa.

Usilaze kila kitu. Mlazo ni sauti iliyobadilika. Ukibadilisha sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuna mabadiliko yaliyosikika. Mimi hulaza majina ya maharusi, nukuu ya kitabu, na pengine neno "na" kati ya majina mawili. Lile "na" dogo, kwa Cormorant iliyolala, kati ya majina mawili makubwa, lina kazi nzito kuliko pambo lolote la maua.

Unapopeleka faili kiwandani, toa PDF yenye fonti ndani yake. Ukipeleka faili la Word kwenye kompyuta isiyo na Cormorant, itachukua fonti nyingine yoyote iliyopo, na utaletewa kadi usiyoijua. Na ukipakua kutoka Google Fonts, ndani ya faili utakuta folda iitwayo static. Kwa Word ya zamani tumia zilizomo humo, kila uzito na faili lake.

Kuhusu haki: hizi nne zote zipo chini ya leseni huria ya SIL. Unaweza kuchapa kadi, kuuza lebo, kuweka kwenye nembo ya biashara yako bila kumlipa mtu. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Alivyochagua

Mama wa Nanyumbu alikuwa ameitaka Cormorant, na aliipata, pale ilipostahili. Jina la binti na la mkwe: Cormorant SemiBold iliyolala, saizi 38, na lile "na" katikati, saizi 26. Wazazi, mjomba, ukumbi na aya: EB Garamond, majina yote saizi moja ili asionekane nani amewekwa juu ya nani. Saa na namba za simu zilisimama wima. Karatasi ilikuwa ngumu, ya gramu 300, rangi ya maziwa, wino wa kahawia nzito badala ya maandishi meupe juu ya rangi. Ya WhatsApp niliiandika kwa Lora, nikayaacha majina tu kwa Cormorant yenye uzito wa Bold.

Alipokuja kuona nakala ya majaribio hakukaa kitini. Aliipeleka mlangoni palepale pa siku ile, akaisoma kwa sauti, akianza na jina la kaka yake, kisha la binti, kisha Nanyumbu. Akarudi ndani akaagiza 200.